Seng'enge ya Mpakani na Dada Yangu Halima

Hata leo naikumbuka siku nyanya alipomkemea babu mbele ya wazee wenzake. Nilikuwa kijana, nachunga mbuzi kule kaskazini. Wezi wa mifugo walikuwa wametuvamia, na wanaume, kwa hofu, wakaziba kwa miiba njia yote inayotoka ng'ambo ya mpaka. Shangazi yangu alikuwa ameolewa huko ng'ambo, naye alikuwa anarudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza.

"Mwizi ataruka," nyanya akasema. "Binti yangu na tumbo lile ataruka vipi?"

Nyanya hakuwaambia waondoe miiba, maana hofu yao ilikuwa ya kweli. Aliwaambia waache mlango, na walinzi wawe watu wanaowajua majirani. Shangazi alijifungulia kwetu, alhamdulillahi.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu moyo wangu hautulii. Redioni wanasema mswada wa kujenga ua wa seng'enge kwenye mpaka ule ule wa kwetu uko bungeni, na wiki ijayo wabunge wanakuja hapa Eldoret kuchukua maoni ya wananchi. Jana dukani kwangu, hapa mtaa wa West Indies, jirani yangu Otieno alinitania: "Mzee, wafunge tu kabisa! Ama uko na mtu wako huko?"

"Niko naye. Dada yangu Halima."

Akaacha kucheka. "Pole, Mzee. Lakini hao wa mabomu je?"

Hata mimi nawaogopa. Lakini kwa watoto wa mama yetu tumebaki Halima na mimi tu, na juzi aliniuliza, "Nikifa, utanizika kwa simu?" Tangu hapo hata nikisujudu nalisikia swali hilo.

Basi nenda kwenye mkutano. Usiende kutukana, wala usikae nyumbani ukiogopa kuitwa mgeni. Usome mswada kwanza. Waulize mlango utakuwa wapi, utafunguliwa lini, na mgonjwa atapitaje. Omba jibu liandikwe ndani ya sheria yenyewe, kwa sababu afisa akihamishwa, ahadi yake inahama naye. Wakikujibu vibaya, vuta subira, uulize tena kwa adabu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mpole usiotetemeka, ailinde nchi hii iliyotulea, na amfikishe salama kila anayewaendea watu wake. Amin.