Mbuzi wa Darajani

Daraja lile lilinigharimu mbuzi mmoja wa maziwa na shati la mikono mirefu. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, haipungui.

Zilikuwa mvua zile za Elinino. Nilikuwa naswaga mbuzi wanne kwenda kuwauza Garsen, nikafika kwenye kile kidaraja cha zege kilichojengwa enzi za Mkoloni, kifupi, chembamba, kingo zake zimemeguka zamani. Mbele barabara ilikuwa imeliwa na maji. Nikageuka, na nyuma ilikuwa inaliwa. Nikabaki juu ya zege na siafu, nyoka mmoja tuliyemwachia upande wake, na mama wa Kiorma aliyekwama na kundi lake la mbuzi.

Mama hakuniuliza nina nini. Alikamua mbuzi wake mwekundu, akanipa maziwa kwenye kibuyu, na jioni akanipa tena. Nilipotaka kumlipa alinicheka, akaniuliza hapo atanunua nini, maji? Kesho yake nilitembea kutoka ncha hadi ncha, nikarudi. Daraja halikuwa limeongezeka. Mbuzi wangu walikuwa wamechanganyika na wake, nami nikaingiwa na hofu ya mchuuzi. Nikasimama katikati, nikawahesabu wote kwa kidole, kwa sauti. Nilipomaliza nikaanza upya.

Mama akafunika kibuyu.

"Kijana, mbuzi ya mtu unahesabia nani?"

Nikamweleza kwamba natafuta wangu. Akaniambia kwao mifugo haihesabiwi hivyo. Kuihesabu ni kuiita hasara. Yeye hulitazama kundi tu, akajua kwa rangi nani hayupo. Nikaomba radhi, ingawa moyoni niliona kwa mtindo huo sokoni wangemmaliza. Jioni ile maziwa sikuyaona.

Alfajiri yule mwekundu aliteleza ukingoni. Tulisikia maji tu. Mama akalitazama kundi mara moja, akaketi.

Mchana akaja Mpokomo mmoja na mtumbwi kutoka kijiji cha Wema, akatukagua kama mizigo. Nauli yake niliishusha mpaka ikawa shati langu. Akalivaa hapo hapo, akalalamika linambana, akaiangalia na suruali. Mbuzi, alisema, angewavusha kwa zamu.

Ndipo nikamgeukia mama kujitetea. Zege lilikuwa na utelezi, nikamwambia. Hesabu haimsukumi mbuzi. Nilikuwa na hoja nzuri, nilizipanga tangu alfajiri. Hakubishana nami hata kidogo, na mtu asiyebishana ni mgumu kufanya naye biashara. Alikuwa amepakata vitoto viwili vya yule mwekundu, vinamnyonya vidole. Kando yake jike langu moja, kiwele kimejaa, lilikuwa likicheua.

"Wewe unajua hesabu," akasema. "Basi nipe shauri. Hawa wawili watanyonya nani?"