Mistari Miwili Niliyoiruka

Kwa miaka mingi nilikuwa msomaji wa barua hapa Gazi. Wanaume waliokwenda Uarabuni walikuwa wamesoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu, na wake zao wakiniletea barua baada ya sala ya alasiri niwasomee. Nilijua nani ana mimba na nani hasemi na mkwewe. Ilikuwa amana nzito. Simu zilipoingia, watu wakaanza kusikizana sauti wenyewe kwa wenyewe, nilimshukuru Mungu kimyakimya. Wengine husikitika kwamba barua zimekwisha. Mimi sikuzililia.

Lakini barua moja ilinikaa kifuani. Jirani yangu aliandikiwa na mumewe kurasa mbili kutoka Maskati. Katikati ya ukurasa wa pili mume alisema ameoa mke mwingine huko, na anaomba radhi. Yule dada alikuwa amekaa mbele yangu kwenye jamvi, ananyonyesha. Niliiruka mistari ile miwili, nikaendelea na salamu za jamaa. Nikajiambia nitamweleza akishapata nguvu. Sikumweleza. Mume alikuwa akija na kuondoka, hatimaye akafia huko huko, Mungu amrehemu.

Mwaka huu alinijia binti yao, yule aliyekuwa akinyonya siku ile. Sasa anafanya kazi hotelini Diani.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Tuna barua za marehemu baba, mkebe mzima, na hakuna kwetu anayejua kuzisoma. Tunakuomba uzisome, nikurekodi kwa simu, niwatumie ndugu zangu."

Ningekataaje? Nikiiruka tena mistari ile, nitakuwa nimewadanganya watoto kuhusu baba yao. Nikiisoma, mama atapata habari ile mbele ya mwanawe, na atajua kwamba nilimficha umri wote huu. Niliswali rakaa mbili, kisha siku ya kusoma nikaenda mapema, kabla binti hajafika.

Nilimkuta mama akikuna nazi. Nikamweleza yote, macho yangu chini.

"Mke wa pili?" aliuliza, mkono haujasimama.

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Maalim, barua ile niliipeleka Msambweni kesho yake."

"Kwa nani?"

"Kwa msomaji mwingine! Wanawake wote wa mtaa huu tulikuwa tukifanya hivyo. Wewe una huruma mno. Ukifika pabaya unakohoa, halafu unatupa salamu za jamaa ambao hawamo katika barua nzima." Sasa alikuwa ameacha kukuna, anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya leso. "Kwako tulikuja kwa sababu ya sauti yako, maalim. Habari tulizifuata Msambweni."

Sikujua nicheke au nione haya. Nilifanya yote mawili.

"Na watoto, wanajua?"

"Wanajua zamani. Mtoto wa yule mke mwenzangu yumo kwenye kundi lao la simu. Yeye ndiye aliyeomba barua zisomwe. Anataka kusikia baba yake alivyomtaja mamake mara ya kwanza. Utamsomea au hutamsomea?"

"Nitamsomea, inshallah."

Binti alipofika aliiweka simu juu ya kibao, nikaisoma barua ile kwanza, neno kwa neno. Mama alisikiliza huku akichuja tui. Nilipomaliza, binti aliituma sauti yangu kwa ndugu yake huyo wa Maskati, nami nikaomba maji ya kunywa.

Sikuwa nimemaliza kikombe, jibu likaja. Mwanamume mzima, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiarabu, alisalimu akasema, "Mama, ahsante. Baba aliandika vizuri."

Mama aliinyakua simu kwa mikono yenye tui, akaanza kumjibu, akimuuliza kama amekula, wajukuu wanasoma wapi, mbona hajaja. Mazungumzo yalinoga. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza maana ya neno lolote. Niliweka kikombe chini taratibu, nikaenda zangu kutawadha.