Kananu, Mpimaji wa Sinema

Kananu hana kitu ambacho mimi sina. Tuko darasa moja, Kidato cha Tatu, na kwa fizikia mimi ndiye humshinda, ingawa si kwa mbali. Yeye ni msichana wa Embu. Alikuja hapa Kangeta kuishi na shangazi yake, Kagwiria, anayewapikia chai na githeri wafungaji wa miraa sokoni. Kimeru chake kimejaa Kiembu, na watu humcheka, lakini humcheka kwa kumpenda. Hilo bado halijaniingia. Mimi nikikosea neno naambiwa nirudi nasari.

Jumamosi asubuhi naye hufunga miraa. Hupanga vijiti, huvizungushia ganda la mgomba, huvuta fundo kwa meno, na kabla hujapepesa macho bunda liko tayari. Kisha hulitikisa karibu na sikio. Siku moja nilimuuliza anasikiliza nini.

"Kama limeshika."

"Si wewe ndiye umelifunga?"

"Kwani kufunga ndiyo kupima?"

Basi hivyo ndivyo alivyo. Ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza, "Umepima?" Gitari wa Kidato cha Nne alimwambia kwamba anampenda, naye akamuuliza hivyo hivyo. Gitari mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mimi sikuwepo, na hata ningekuwepo hainihusu.

Hayo yote ningeyavumilia. Kosa lake ni kuingia katika kibanda cha kaka yangu.

Kaka yangu Gitobu huonyesha video nyuma ya soko. Sinema anazopenda ni za Kichina, zile za mambo ya angani: maroboti, magari yanayopaa, watu wanaotembea juu ya nyota. Yeye hushika maikrofoni na kututafsiria. Kichina alijifunza alipofanya kazi ya mkono na Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utotoni, kama ninavyolijua jina la baba yangu. Mwaka huu alinunua maikrofoni ya pili, akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kuketi kando yake. Mimi, Riungu, ndugu yake wa damu, nikaanza kunywa maji ya moto kila asubuhi ili sauti ilainike.

Lakini Kananu alikuwa ameanza mambo yake. Akitazama sinema Jumamosi, wiki nzima anaijaribu. Kuna mtu aliyeruka kutoka kwenye chombo cha angani akiwa ameshika kitambaa tu. Kananu alifunga malenge kwenye turubai, akapanda juu ya mti wa miraa wa mzee mmoja, akaliachilia. Malenge likapasuka. Akatuambia, "Amekufa." Kuna mwingine aliyekuwa akielea gizani huko juu, akavua viatu akavitupa nyuma, naye akasukumika mbele. Kananu aliketi kwenye kigari cha mbao cha magurudumu ya beringi, akawa anatupa mawe nyuma kwa nguvu. Kigari kikasogea! Kidogo, lakini kilisogea, nami nilikiona kwa macho yangu. Nilitaka kupiga makofi. Badala yake nikasema sakafu imeinama.

Watu wakaanza kuja kibandani mapema ili wamsikie kabla sinema haijaanza. Gitobu akawa anamngoja. Naye Kananu humwita "kaka", kana kwamba ni wake.

Kisha ikaja ile sinema ya mtu aliyetembea kwenye ukuta wa chombo, mguu kwa mguu, kama mjusi. Gitobu alitafsiri akisema, "Mama yake alimpaka utomvu wa mgomba kwenye nyayo, ule unaoshika kushinda gundi ya fundi viatu!" Kibanda kizima kikapiga kelele. Sisi tunaujua utomvu wa mgomba. Ukikudondokea kwenye shati, shati hilo ni la shamba mpaka life.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Kananu alikuja nyuma ya stoo ya mahindi, mkabala na kibanda, na karai la utomvu na gambuti za mpira za shangazi yake. Nusu ya soko ilikuwepo. Alipaka gambuti moja, akaibandika ukutani, akaikandamiza. Alipoiachilia ikaanguka. Akaipaka tena, akangoja utomvu ukauke kidogo, akabandika. Ikaanguka.

"Haiwezekani," akasema.

"Gitobu!" Mama Kiende, muuza mahindi ya kuchoma, akapaza sauti. "Kumbe unatulisha uongo!"

Watu wakacheka. Gitobu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, akiangalia chini. Moyo wangu uliruka kwa furaha na kwa hasira pamoja. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Kaka akitetewa na ndugu yake mbele ya watu, maikrofoni ile itaenda kwa nani mwingine?

"Umepaka vibaya!" nikasema. "Kaka yangu aliwasikia Wachina kwa masikio yake. Lete hapa."

"Riungu, wacha," Gitobu akasema.

"Siwachi."

Nilivaa gambuti. Zilinibana. Nikapaka utomvu mwingi, mpaka ukawa unadondoka. Nikaweka mguu wa kwanza ukutani, na ulishika. Nawaapia, ulishika. Nikainua wa pili.

Nilianguka chali ndani ya karai.

Sitaeleza kicheko. Kananu peke yake hakucheka, na hilo liliniuma kuliko waliocheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Akamgeukia kaka yangu.

"Kaka, labda ni mti mwingine. Kwa Kichina walisema aje? Utomvu wa mgomba wanauitaje?"

Hakuwa anamtega. Alitaka tu kujua. Gitobu alimtazama, akanitazama mimi nikiwa bado chini.

"Sijui," akasema.

"Umesahau?"

"Sikuwahi kujua, Kananu. Wale Wachina walikuwa na maneno mawili tu kwangu: kuja, na chimba. Na walikuwa wanayasema kwa Kiswahili."

Mama Kiende akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Na wewe ulidhani hatujui? Gitobu huyu huyu wa hapa sokoni azungumze Kichina! Kama tungetaka Wachina si tungeenda kukaa barabarani? Tunakuja kukusikia wewe, bwana. Danganya, tutakupigia makofi."

Wote wakaitikia kwamba ni kweli, kila mtu alikuwa anajua. Gitobu akaanza kucheka naye, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Mtu mmoja tu katika Kangeta nzima ndiye hakuwa anajua, na alikuwa karaini, ananata.

"Haya ingieni," kaka akasema, akichukua maikrofoni zote mbili. Nilijifuta mikono haraka kwa nyasi. Akanipita. Akampa Kananu. "Mimi nidanganye, wewe unikatize."

Nilikaa nyuma kabisa, kwa sababu hakuna aliyetaka nimguse. Kwenye sinema roboti lilikuwa linakufa, na msichana analishika mkono.

"Roboti linasema," Gitobu akalia kwa uchungu, "mpenzi, nimekuachia shamba langu la miraa kule Maua!"

"Kaka, roboti halina kitambulisho," Kananu akasema. "Shamba liliandikishwa kwa jina la nani?"

Kibanda kilitikisika. Mimi nilikuwa na jibu zuri zaidi: na huko angani nani alikuwa analipalilia? Nikasimama, nikalisema kwa sauti yangu yote. Aliyelisikia ni Mama Kiende tu, akaniambia niketi chini, namzibia sinema.