Kofia ya Bati ya Yona

Harufu ya debe la mafuta ya kula likipigwa nyundo juani hunirudisha nyumbani kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, Kwaresima moja ya miaka ya tisini. Kaka yangu Yona alikuwa amechaguliwa kuwa askari wa Kirumi katika igizo la Ijumaa Kuu. Wenzake walitosheka na shuka nyekundu. Yeye, mbishi kama nini, alizikodolea macho picha za Njia ya Msalaba kanisani mpaka akaujua kila mkanda. Akakata madebe vipande vipande, akavipanga kifuani kama magamba ya samaki, akavifunga kwa kamba za katani. Ngao ilikuwa mbao za sanduku, na miguuni alivaa katambuga za tairi zenye kamba hadi magotini. Juu ya kofia ya bati alishona singa za mkia wa ng'ombe alizopewa na jirani zetu Wasukuma. Mimi, mdogo wake wa kike, nilimshikia misumari na kujiona fundi.

Mtu aliyetaka amsifu ni mmoja tu, Mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu. Basi tukamficha kila kitu. Wazazi wetu walikimbia Burundi kabla hatujazaliwa, na ya huko hayakusimuliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi hatukujua kwamba mama yetu aliumwa.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu Yona akavaa, akagonga mlango kwa ngao, akaamuru kwa Kirundi, kwa sauti nzito, ufunguliwe. Mama aliacha kupepeta mchele, akafungua. Alipomwona alipiga magoti, akamvuta kitinda mimba wetu nyuma yake.

“Mlishachukua wawili,” alisema. “Niachieni hawa.”

Hatukuwahi kusikia habari za hao wawili. Yona akavua kofia, akasema, “Mama, ni mimi.” Mama akainuka, akaingia ndani bila kumtazama. Kaka hakwenda kanisani siku hiyo. Yale mabati aliyatupa chooni, na hakuna aliyeyataja tena. Mwaka uliofuata alikwenda vibarua vya mpunga Usevya, malaria ikamuua huko. Moyo wangu haujapona.

Siku hizi vijana wa parokia hukodi mavazi ya plastiki mjini, wakapigana picha kwa simu. Ijumaa Kuu iliyopita nilikaa na Mama kando ya njia, askari wakipita. Akaniuliza kama Yona alivaa vizuri kuliko hawa. Nikamjibu kwamba alipendeza sana.

“Mimi sikumwangalia,” akasema.