Masinia ya Msiba

Nyumba yetu ya Amerat, huku Arabuni, ndiyo iliyokuwa ya darsa. Kila Alkhamisi baada ya alasiri walikuja wanawake wa mtaani, wengi wetu wazee wetu walitoka Unguja, tukasoma Qur-ani, tukanywa kahawa, tukasengenya kidogo, halafu tukaombeana dua. Mtoto wangu wa mwisho alikulia humo, na kila mmoja wao alimwita "mwanangu".

Alipokuwa anamaliza chuo kikuu, huko Khoudh, alinikuta jikoni nnachambua mchele. Akanambia kwamba yeye anapenda wanaume wenzake, na kachoka kusingizia masomo kila tunapomtajia mchumba. Nikalia. Nikamwuliza kama bado anasali. "Nnasali, mama," akasema. "Sijaacha hata siku moja." Basi nikamwambia akae ale, maana njaa ilikuwa ishamshika.

Baba yake hakumfukuza. Ila alimwambia nduguye, na nduguye ana mke, na huyo mke ana simu. Kufumba na kufumbua mtaa mzima unajua.

Mie nikadhani watatukimbia. Wapi. Asubuhi likaja sinia la wali na mchuzi wa kuku, limefunikwa kwa kitambaa. Kisha jingine, kisha jingine. Hawakuingia ndani. Waliniminya mkono mlangoni, wakanambia, "Mungu akupe subira," wakenda zao polepole. Kwetu nyumba iliyofiwa haipiki, majirani ndio huipikia, na wale wanawake hawakujua njia nyingine ya kunionea huruma.

Mwanangu akashuka ngazi, akaona meza imejaa.

"Nani kafa?" akauliza.

Akafunua sinia moja, akalitazama, akalifunika vizuri kama lilivyokuwa. Siku ileile akaanza kutafuta kazi nje ya nchi.

Hasira zangu nnazijua mwenyewe. Chakula niliwapa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya jirani. Masinia nikayaosha, nikayarudisha matupu, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama una ndimu moja tu ya kutia. Kila mlango nilisema maneno yaleyale: "Kwangu hakuna maiti. Mtoto yuko juu, mngepanda mkamwamkia." Alkhamisi iliyofuata hakuja mtu. Mwanangu akapata kazi, akaondoka, na darsa likafa.

Sijutii kusema. Nnajuta kwamba niliyasema hayo milangoni kwao, na wao wakanipa pole mlangoni kwangu, na hakuna aliyekaa kitako. Wanawake wale wamelea watoto wa kila namna, wamepokea wakwe wasiojua hata salamu zetu. Lau wangeingia wakamwona anavyokula na kucheka, pengine angekuwa yuko hapa leo. Na si yeye peke yake. Mtaani humu kuna nyumba nyingine yenye mtoto kama wangu, na mama yake hakuwa na pa kwenda kulia. Angekuja kwangu Alkhamisi, lakini Alkhamisi yenyewe haikuwapo tena.

Ramadhani iliyopita akaja jirani wa upande wa kulia, mkubwa kuliko sote, kachukua sinia. Nikasimama kati ya mlango, simpishi.

"Si lako hili," akanambia. "La mtoto. Yupo?"

Alikuwa kapika mkate wa kumimina, ule wa mchele na sukari ambao mwanangu alikuwa akiukwangua mpaka chini ya sufuria. Nikamwambia hayupo, keshahama. Akakaa kwenye ngazi na sinia mapajani. "Alifu kwa kijiti ya Qur-ani nimemfundisha mie," akasema, "kisha nikampikia kama maiti."

Nikampigia mwanangu, nikaweka spika, nikampa yule bibi simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Rudi. Alkhamisi tusome, ukae nasi."

"Na wenzako, watakuja?"

Bibi akalitazama sinia. Hakuzoea kusema uongo, sembuse mwezi ule.

"Nitakuja mie," akasema.

"Basi njoo ukae na mama," akamwambia kwa upole. "Mimi huku nishazoea."

Tulisoma wawili, Alkhamisi ile na zilizofuata. Sinia lake nililirudisha na ndimu. Mkate niliuweka kwenye friza, na mpaka leo sijaukata.