Kakangu Ameuficha Ukuta Uliofura kwa Zulia la Al-Kaaba

Admin, nifichie jina, maana kakangu yumo humu humu na huwa wa kwanza kuwahimiza watu wamche Mungu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeachika, nina watoto wawili. Baba yetu alipofariki alituachia mimi na kakangu nyumba moja Mnarani. Imejengwa kwenye mteremko, na chini yake kuna chumba kilichochimbwa ndani ya ardhi. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ndio unaozuia udongo wote wa juu. Kila masika maji hujaa nyuma yake, na mwaka hadi mwaka umesukumwa ndani hadi umetoa tumbo kama mja mzito.

Tulipokubaliana kuuza, nilimleta fundi. Akaugonga kwa nyundo, akavuta uzi, akatikisa kichwa. "Huu si wa kupakwa plasta, bibi. Ubomolewe, udongo uondolewe, maji yapewe njia, kisha ujengwe upya kwa nguzo za zege." Kakangu, bwana mkubwa ambaye hajawahi kupigilia hata msumari ukakaa, alicheka. "Fundi ataka kula tu huyo. Mimi nna dawa yake."

Dawa yenyewe mtaicheka. Aliupaka rangi, kisha akatundika zulia kubwa lenye picha ya Al-Kaaba, kutoka darini hadi karibu na sakafu, akijua hakuna Mwislamu atakayethubutu kulifunua achungulie nyuma. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kifua mbele. Mtu mzima na ndevu zake! Nadhani hata shetani aliona haya.

Mnunuzi akaja, mwalimu mjane kutoka Malindi, pamoja na mamake mzee. Yule bibi alipoliona zulia, machozi yalimtoka. "Mashaallah, hapa pameswaliwa hapa." Akakichagua chumba kile kiwe chake, kwa kuwa mlango wake watokea uani na magoti yake hayataki ngazi. Mwalimu akanigeukia: "Dadangu, wewe ni mwanamke mwenzangu. Nyumba hii ina ila yoyote?" Kakangu akanikazia macho. Nami, hodari wa kumcheka yeye, nikawasogezea sahani, nikasema, "Karibuni tende." Najidharau kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Walipoondoka nilimwambia kakangu kwamba ukuta ule utamwangukia mama wa watu. Akajibu huku akichokonoa meno, "Siku yake ikifika, hata msikitini atakufa. Kudra hiyo." Nimewadharau wanaume wengi, pamoja na yule aliyeniacha, lakini huyu amewapita wote.

Jumatatu twatia sahihi kwa wakili. Nikisema ukweli, mwalimu atajitoa, na fungu langu ndilo nililotegemea kuwajengea wanangu, maana kwa sasa twaishi chumba cha kupanga. Kakangu naye ameapa kwamba nikifungua mdomo, nisimzike wala yeye hatanizika. Nikinyamaza, bibi atahamia kabla ya masika.

Leo asubuhi bibi mwenyewe amenipigia simu. Ameniita mwanangu, akaniuliza kitanda chake akiweke upande gani wa chumba. Nilimwambia nitampigia baadaye. Jamani, anangoja jibu. Nimwambie nini?