Kisanduku Nilichoficha Kwenye Droo ya Cherehani

Mimi ndiye niliyekosa, msitafute mwingine. Shule niliiacha mapema, lakini majina sisahau, na jina la Zaina linaniinua kitini hata nikiwa nakula.

Zaina alikuwa mke mwenzangu hapa mtaani Biryogo. Mume wetu, marehemu Abdala, alinunua televisheni kwa mzungu wa Kiyovu aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na mashine ya mchezo, zile za mwanzo mwanzo: vitufe viwili vya kuzungusha, vijiti viwili kwenye kioo, na kitone kinarukaruka. Nchi haikuwa na stesheni ya televisheni bado, basi yetu kazi yake ilikuwa mchezo tu! Sefu fundi viatu alikuja, Mama Jumapili alikuja, Paskali na mkewe Verediana, majirani wote hao kutazama.

Kutazama nini? Zaina ananifunga!

"Bi mkubwa, cherehani umeiweza, kitone kimekushinda!" Abdala alinicheka mbele za watu.

Yewe! Roho iliniuma. Siku moja nikang'oa kile kisanduku kidogo kinachounga mashine na televisheni, nikakificha kwenye droo ya cherehani. Abdala alipouliza, nikasema, "Nilimwona Zaina anatoka nacho."

Zaina hakulia. "Nyumba inayoniita mwizi silali humo," akasema, akaenda kwa kaka yake mtaa wa pili, Gitega. Talaka ikamfuata huko. Mashine ikaingia chini ya kitanda. Mchezo ule ni wa watu wawili, ningecheza na nani?

Mwezi uliopita mjukuu wangu Rehema akaivuta mashine ile. "Bibi! Hii ndiyo babu wa michezo yote ya leo. Imekosa kisanduku tu."

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikafungua droo.

Nikaenda nacho Gitega kwa miguu. Nikamwekea Zaina mkononi, nikasema yote. Akakigeuzageuza.

"Kumbe kadogo hivi? Nilidhani kilichonitoa kwa mume wangu ni kitu kikubwa." Akanirudishia. "Chai iko, lakini si yako."

Loo, ile njia ya kurudi!

Rehema ameunga mashine, na ile televisheni nzito bado inawaka. Nacheza peke yangu, kitufe kila mkono. Wa kulia ukishinda, wa kushoto umeshindwa, na yote ni mikono yangu. Siwezi kutulia.

Wanawake wenzangu, mwenzio akikushinda, mwache ashinde! Na kama una kisanduku chake kwenye droo, kipeleke leo, maadamu angali anataka kucheza na wewe.